Ndoo ya Saba

Newala maji yana bei, na bei ina mwenyewe.
Ndoo sita nimepandisha kutoka bondeni tangu alfajiri:
mbili za zege,
tatu za kumwagilia ukuta wa jana,
moja ya mafundi, wanywe, wanawe.
Ya saba haimo kwenye daftari la Nandonde.
Ya saba ni yangu.

Msumeno wa petroli ulikuja kwenye boksi kutoka Mtwara mjini.
Ubavuni una chuchu ya shaba, ya kuvalisha mpira wa maji.
Mwezi wa tatu huu chuchu haijaonja tone.
"Maji ya kukatia tofali?"
Nandonde alicheka mpaka akakohoa.
"Wewe Somoe, tofali nalo linasikia kiu?"

Sisi watu wa korosho vumbi tunalijua.
Mwezi wa sita tukipuliza salfa
hata mlevi hujifunga kitambaa puani,
hata mbuzi huhamishwa upande wa pili.
Salfa ina adabu zake: ya njano, inawasha macho,
inabisha hodi kabla ya kuingia.
Hili la tofali ni jeupe, pole, kama unga wa muhogo.
Linaingia bila salamu
na likishaingia halina habari ya kutoka.

Mchopa alikata mawe miaka kumi na tisa,
Lindi, Masasi, Nachingwea,
popote palipoinuka ghorofa.
Makohozi yake yamepimwa mara tatu,
mara tatu kifua kikuu hakikuonekana,
na bado anakohoa.
Sasa akitoka kitandani kwenda mlangoni
hupumzika njiani, ameshika ukuta,
kama mtu anayepanda kutoka bondeni
na ndoo kichwani.
Ni baba yangu.
Sikutaka kulisema mapema.

Leo Nandonde alikwenda dukani kufuata misumari.
Nikaipandisha ndoo ya saba juu ya jukwaa,
nikautumbukiza mpira, nikaunyonya
mpaka maji yakanijia mdomoni, ya baridi, yenye ladha ya plastiki,
nikamkabidhi Likwata ncha.
Alinitazama. Kisha akavuta kamba ya mashine.

Kwanza ulitema, kama mtoto aliyelazimishwa dawa.
Halafu tofali likaanza kutoa uji,
mzito, wa kijivu,
ukiteremka mguu wa benchi taratibu
kwenda zake ardhini.
Kelele ilikuwa ile ile.
Hewa ikabaki hewa.

Miezi mitatu sikujua
kuwa nyuma ya ukuta ule kuna mkorosho.
Na Likwata ana kope nyeusi!
Nilidhani ni mtu wa mvi.

Nandonde akarudi na misumari yake kwenye gazeti.
Akatazama matope. Akatazama ndoo.
"Nani atalipia haya?"
Nikate mimi, nikamwambia. Kata leo, kata na kesho.
Lakini mwambie fundi wa kufyatua
nusu tofali azitoe nusu tangu kwenye kalibu,
tusikate kile ambacho kingeweza kuzaliwa kifupi.
Na jioni asifagie mtu pakavu. Nitanyunyiza mimi.
Na huyu Likwata mnunulie barakoa ya kweli,
si lile shati kuukuu alilorithi kwa shemeji yake.

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mahali hapa.
Wachanganya zege walisimamisha machepeo.

Hakujibu. Akakaa juu ya mfuko wa saruji,
akafungua daftari,
na kwa mazoea akapuliza ukurasa.
Hakukuwa na cha kupuliza.
Akauangalia ule ukurasa, kalamu mkononi,
muda mrefu kuliko jambo lenyewe.

Sikungoja aandike nini.
Matofali arobaini hayajakatwa,
ndoo ni tupu,
na bonde haliji juu lenyewe.